Pikapu chini: maswali ya wasomaji kuhusu kushusha gari

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu wa pikapu, na karibu zote zinauliza ishushwe kiasi gani. Neno litakaloonekana mara nyingi katika majibu yetu ni nafasi. Nyuma ni uwazi ulio kati ya ekseli na chasisi, mbele ni uwazi ulio kati ya mkono wa tairi na mpira wa kugongea. Njia nyingi za kushusha gari hula uwazi huo, sentimita kwa sentimita. Kabla ya kununua chochote, lala chini ya gari na rula, upime kilichopo.

SWALI: Fundi, salaam. Nina Hilux LN85 ya dizeli, siyo fowili (ile inayovuta kwa tairi zote nne). Fundi wa mtaani kaniambia mbele inashuka kwa kulegeza bolti mbili tu, dakika kumi kazi imekwisha. Ni kweli? Na je, itakuwa laini zaidi barabarani? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Bolti mbili ni kweli, dakika kumi si kweli. LN85 haina koili mbele. Inabebwa na tosheni baa, fimbo mbili za chuma cha springi zinazolala sambamba na chasisi. Ncha moja imeshikana na mkono wa tairi, nyingine imeingia kwenye mkono mfupi unaoshikiliwa na bolti ya kurekebishia. Ukiilegeza bolti, fimbo inazunguka kidogo na gari linakaa chini.

Siku moja kabla, safisha nyuzi za bolti kwa brashi ya waya na uzimwagie mafuta ya kulegezea kutu. Siku ya kazi weka gari tupu kwenye sakafu tambarare, upepo wa tairi ukiwa sawa kulia na kushoto. Pima kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa fenda, pande zote mbili, uandike. Pima pia urefu wa nyuzi zinazoonekana kwenye kila bolti, na uwazi uliopo juu ya mpira wa kugongea. Vipimo hivi ndivyo vitakavyokurudisha ulikotoka kama hutapenda matokeo.

Piga jeki, weka stendi chini ya chasisi, tairi zining'inie. Usizungushe bolti gari likiwa limesimama kwa tairi zake, maana nyuzi zikiwa zimebeba uzito wa mbele wote zinakwanguka, na bolti hiyo ikikatika mkono wake unaruka kwa nguvu ya kuvunja kidole. Legeza nati ya kufungia, kisha rudisha bolti mizunguko mitano upande huu na mitano upande wa pili. Shusha gari, lisukume mita chache mbele na nyuma, lidundishe mara mbili tatu, ndipo upime. Wengi hulisahau hilo la kulisukuma. Gari likitoka kwenye jeki tairi hukaa zimejibana kwa ndani na kukupa kipimo cha uongo. Rudia mpaka ufike, tofauti ya kulia na kushoto isizidi milimita 5. Nyuzi za pande mbili zisipolingana usihangaike, kinachotakiwa kulingana ni kimo cha gari.

Kwa njia hii sentimita 4 hadi 5 zinatosha. Una dalili mbili za kusimama. Ya kwanza ni uwazi wa mpira wa kugongea kupungua chini ya sentimita 2.5. Ya pili ni hii: ukipiga jeki tena na tairi zikaning'inia, mkono mfupi ukicheza mkononi bila kuikandamiza bolti, umevuka mpaka, na siku tairi ikiingia shimoni fimbo inaweza kuhama mahali pake. Ukilazimika kuzitoa fimbo, weka alama ya kulia na ya kushoto. Zimetengenezwa kwa kujipinda upande mmoja, hazibadilishani. Usizikwaruze kwa patasi wala kuzishika kwa koleo la meno, kwa sababu ufa huanzia penye mkwaruzo.

Kuhusu ulaini, jibu ni hapana. Ugumu wa tosheni baa unatokana na unene na urefu wake, na bolti haigusi lolote kati ya hayo. Fimbo ni ileile, ila sasa safari yake ya kupanda ni fupi, na kila shimo linaishia kwenye mpira. Watu husema springi imekuwa ngumu, kumbe wanakalia mpira. Usiukate mpira huo wala kuutoa, tafuta mfupi zaidi. Na kama unataka gari la chini lisilogonga, fimbo nene ndiyo dawa: ugumu unakwenda kwa kipeo cha nne cha unene (unene × unene × unene × unene), hivyo fimbo ya milimita 24 ni ngumu kuliko ya 22 kwa takriban asilimia 42.

Ukimaliza, nenda moja kwa moja kwenye alaimenti. Mbele ikishuka, kichwa cha tairi huingia ndani na mwelekeo wa tairi unabadilika. Usiporekebisha, tairi italika ukingo wa ndani, mahali ambapo huoni mpaka waya zitokeze. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote ukikagua paipu za breki na fenda, kisha panga taa upya.

SWALI: Shikamoo fundi. Nyuma nilitoa majani mawili ya springi kati ya matano, gari likashuka vizuri. Sasa nikibeba mifuko kumi ya saruji linagonga kila tuta na linatapatapa nikikanyaga mafuta. Nimekosea wapi? (Msomaji, Kitengela)

JIBU: Marahaba. Umekosea mlangoni. Kutoa majani hakushushi gari, kunalidhoofisha mpaka lishuke lenyewe. Fanya hesabu. Kama majani yana unene sawa, kutoa mawili kati ya matano kunaondoa karibu asilimia 40 ya nguvu ya springi. Springi iliyokuwa ikikubali sentimita 6 kwa uzito fulani sasa inakubali 10 kwa uzito uleule. Likiwa tupu unapendezwa. Ukiweka mifuko kumi, yaani kilo 500, hizo sentimita za ziada zinatafutwa kwenye nafasi ambayo tayari umeila.

Huko kutapatapa ukikanyaga mafuta ni springi kujikunja kama herufi S. Ekseli inataka kuzunguka kinyume cha tairi, na majani yaliyobaki hayana ubavu wa kuizuia. Yakiendelea hivyo yatakatika, mara nyingi penye tundu la sentabolti, bolti ya katikati inayoyashika majani pamoja. Na kama moja ya majani uliyotoa ni lile nene, lililonyooka, la chini kabisa, basi umetupa msaidizi wa mzigo bure. Hilo haliguswi gari likiwa tupu, kwa hiyo kulitoa hakushushi chochote.

Rudisha majani yote. Kisha chungulia springi inapita wapi. Ikipita chini ya ekseli, kama ilivyo kwenye pikapu nyingi za Kijapani zisizo fowili, kipande cha chuma kinachowekwa kati ya springi na ekseli kinashusha gari kwa unene wake kamili: cha sentimita 5 kinashusha sentimita 5. Ikipita juu ya ekseli, kipande hichohicho kitalipandisha. Tumeona swali hili likiulizwa baada ya vipande kununuliwa, ndiyo maana tunasema chungulia kwanza.

Kipande kiwe cha chuma au alumini nzito, chenye tundu chini la kuingia kichwa cha sentabolti na pini juu ya kuingia kwenye kiti cha ekseli, ili vishikane. Mbao hapana. Vipande viwili, kimoja juu ya kingine, pia hapana, vitateleza siku ya breki kali. Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya na ndefu zaidi kwa unene wa kipande. Za zamani zimeshavutika, usizirudishe. Piga jeki chini ya chasisi, shikilia ekseli kwa jeki ya pili, fungua upande mmoja kwanza, weka kipande, funga, ndipo uende upande wa pili. Ukifungua pande zote kwa pamoja ekseli itahama na utatafuta matundu mpaka jioni. Kaza kwa mtindo wa msalaba, nyuzi zinazobaki nje zilingane kwenye nguzo zote nne, na ukaze kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza tena. Zitakuwa zimelegea, hata zikifungwa na fundi hodari.

Njia nyingine ni kumpelekea fundi wa springi apunguze mkunjo wa majani yenyewe. Inafaa kama anapiga baridi, kwa presi au nyundo, jani moja moja, na seti za kulia na kushoto zikalingana. Akiwasha gesi na kulifanya jani jekundu, chukua springi zako uondoke. Chuma cha springi kilipata nguvu yake kwa joto lililopimwa. Kikichomwa ovyo kinakuwa laini kama nondo, na kikipozwa kwa maji kinavunjika kama kigae.

Sasa turudi kwenye nafasi. Pima kutoka juu ya ekseli hadi chini ya chasisi. Gari likiwa tupu baada ya kushushwa, sisi hatushauri ibaki chini ya sentimita 8, na kwa gari la saruji tunataka 10. Ukitaka kushuka zaidi ya hapo, chasisi inabidi ikatwe nusu duara juu ya ekseli na kuimarishwa. Hiyo si kazi ya grenda na mchana mmoja. Kiimarisho ni bamba la milimita 6 lililokatwa kufuata umbo, linalovuka kingo za mkato kwa mbali pande zote, kwa bolti za daraja 10.9 au kulehemu kwa fito za 7018 zilizokaushwa. Betri itenganishwe, tangi na paipu za breki ziondolewe karibu. Kwa gari la kazi, jibu letu ni usikate.

SWALI: Nimeweka vipande vya sentimita 7 nyuma. Mvua ikinyesha nikikanyaga breki, tairi za nyuma zinakamata kwanza na gari linageuka ubavu. Breki nimebadilisha, bado. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Breki zako ni nzima. Fuata paipu ya breki ya nyuma, utakuta vali iliyofungwa kwenye chasisi yenye mkono au springi ndefu inayofika kwenye ekseli. Kazi yake ni kuhisi mzigo. Gari likibeba, chasisi inasogelea ekseli, mkono unapanda, vali inaruhusu presha zaidi kwenda nyuma. Wewe umeisogeza chasisi sentimita 7 karibu na ekseli bila kubeba kitu, na vali inaamini umepakia. Inapeleka presha ya mzigo kwenye nyuma iliyo tupu, na kwenye lami yenye maji tairi hazina uzito wa kuishika.

Rekebisha kiungo cha upande wa ekseli mpaka mkono wa vali urudi kwenye pembe iliyokuwepo kabla ya vipande. Kama marekebisho ya kiungo hayafiki, tengeneza kibano kinachoshusha mahali pa kufungia kwa zile sentimita 7. Bahati mbaya hukupima kabla, kwa hiyo tafuta gari kama lako ambalo halijaguswa, ulipige picha kwa ubavuni. Ukimaliza, jaribu mahali pakavu pasipo na watu, kwa kilomita 30 kwa saa: za mbele lazima zikamate kabla ya nyuma. Fundi mwenye geji ya presha atakuhakikishia zaidi.

Wapo wanaoitoa vali na kuunga paipu moja kwa moja. Hapo unalifanya kosa ulilonalo sasa kuwa la kudumu.

SWALI: Mimi nilipunguza urefu wa sheko za nyuma kwa sentimita 5. Gari limeshuka kama nusu tu ya hiyo, na kuanzia kilomita 70 kwa saa linatetemeka sakafuni. Propela imepigwa balansi mara mbili. (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Nusu ndiyo hesabu sahihi. Sheko, kiungo kinachoning'iniza springi kwenye chasisi, iko mwisho wa springi na ekseli iko karibu na katikati, hivyo sentimita 5 za sheko ni takriban 2.5 kwenye gari.

Mtetemo nao unatoka hapohapo. Ulipoinua ncha ya nyuma ya springi, springi yote iliinama mbele, na pua ya difu ikainama nayo. Kwa springi ya urefu wa mita 1.2, sentimita 5 ni kama nyuzi 2.4. Propela, fimbo inayopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi difu, ina msalaba (kiungo cha kujikunja) kila ncha, na inataka pembe ya mbele na ya nyuma zilingane ili kasi inayopotea kwenye mmoja irudishwe na mwingine. Zako hazilingani tena, na balansi haiwezi kurekebisha pembe.

Pima kwa programu ya pima maji kwenye simu, gari likiwa chini kwa tairi zake, gia huru, tairi zimewekewa vigingi. Pima mdomo wa giaboksi, propela, na pua ya difu. Mfano, giaboksi ikiinama nyuzi 3 na propela 5, msalaba wa mbele una nyuzi 2, na pua ya difu ikiwa sambamba na giaboksi msalaba wa nyuma nao utakuwa na 2. Kwa springi za majani acha pua iwe chini kidogo, kama nyuzi 1, kwa sababu ukikanyaga mafuta inajiinua. Kwako basi kabari ya nyuzi 1.5 kati ya springi na ekseli inatosha. Springi ikiwa chini ya ekseli, upande mnene uelekee mbele. Springi ikiwa juu ya ekseli, upande mnene uelekee nyuma. Kabari ya chuma, tafadhali, za alumini laini hupondeka. Kama propela yako ni ya vipande viwili, kagua pia bearingi ya katikati, maana raba yake ikichanika inatoa mtetemo unaofanana sana na huu.

SWALI: Niko Houston, nina Chevrolet C10 ya 1978. Nataka kukata koili za mbele mzunguko mmoja na nusu, nyuma niweke vipande. Mnasemaje? (Msomaji, Texas)

JIBU: Nyuma kwanza: kwenye C10 ya miaka hiyo springi inapita juu ya ekseli, kwa hiyo vipande vitakupandisha. Huko wanatumia seti ya kuihamishia ekseli juu ya springi, ambayo kwa kawaida hushusha inchi 4 au zaidi. Ukifika huko, nusu duara ya chasisi haikwepeki, na shokapu lazima ziwe fupi au zihamishwe.

Mbele, mzunguko mmoja na nusu ni mwingi mno. Koili iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi, huku nafasi ikiwa imepungua. Uko nchi ambayo kifaa bora kinauzwa dukani: spindo zilizoshushwa (spindo ni chuma kinachobeba tairi ya mbele), za inchi 2.5 kwa gari lako. Kwenye spindo hizo mhimili wa tairi umepandishwa, hivyo mikono, koili na shokapu vinabaki vilipokuwa na safari yote inabaki. Ukiacha tairi ndogo, ni njia pekee katika ukurasa huu isiyokula nafasi ya springi, ingawa chuma cha chini bado kinasogelea lami. Ukitaka inchi moja zaidi ya hapo, ongeza koili fupi za kiwandani.

SWALI: Hilux yangu ni LN106, fowili. Bolti za tosheni baa sizioni. Ziko wapi? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Hazipo. LN106 ina springi za majani na ekseli nzima mbele pia. Ukiishusha, ekseli na difu ya mbele vinapanda kuelekea sampo (bakuli la oili chini ya injini), na nyuma springi ziko juu ya ekseli. Watu hulipa fedha nyingi kupata gari hilo likiwa refu. Liuze, ununue lisilo fowili, na chenji itabaki.

SWALI: Nataka kutoa tairi za 195R14C niweke 205/65 R15 ili ishuke bila kugusa springi. Na je, itapita kwenye matuta? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kipenyo kinatoka karibu milimita 666 hadi 648, kwa hiyo gari linashuka milimita 9 tu, na spidomita itasoma zaidi ya mwendo halisi kwa karibu asilimia 3. Hilo dogo. Kubwa ni mzigo. 195R14C ya ply 8 huwa na namba ya mzigo 106, yaani kilo 950 kwa tairi. 205/65 R15 ya gari dogo huwa na 94, kilo 670. Ekseli ya nyuma imetoka kilo 1,900 hadi 1,340, na humo uzito wa gari lenyewe haujatolewa. Kama unabeba mzigo, tafuta yenye herufi C mwishoni na usome namba ubavuni kabla ya kulipa.

Matuta yanategemea umbo lake. Tuta la duara la upana wa mita 3.7 na kimo cha sentimita 10 halina shida. Pikapu yenye mita 2.85 kati ya tairi za mbele na nyuma ikilipanda yote, kilele kinapanda kama sentimita 6 tu juu ya mstari wa tairi. Linaloua sampo ni lile jembamba la kifusi ambalo wanakijiji wamelirundika baada ya ajali. Hilo tairi zinaliruka na kimo chake chote kinabaki katikati, sentimita 15 au 20. Pima kutoka ardhini hadi kitu cha chini kabisa kati ya ekseli mbili, mara nyingi ni ekzosi au krosimemba (chuma cha kukingama) ya giaboksi, gari likiwa na mzigo wako wa kawaida na watu wawili mbele.